MSILAUMU DAMU, PIMENI MZIGO



Mwaka jana shauri moja lililetwa mbele ya halmashauri ya tawi letu, nasi hatukulikata kwa haki. Leo twataka kulisema wazi katika karatasi hii, maana kosa halikuwa la tajiri peke yake. Lilikuwa letu pia, na tusipolitengeneza litamwangukia mwingine.

Ndugu mmoja, kuli wa ghala, aliumia mgongo akishusha magunia. Alipewa siku tatu za kulala nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu. Siku ya nne alikuwa tena chini ya gunia, kwa kuwa kibarua asiyefika kazini halipwi, na watoto hawali karatasi ya daktari. Mgongo haukupata nafasi ya kupona. Ikawa bila kidonge hawezi kuinama. Vidonge vilipokwisha alinunua vingine mtaani, na vya mtaani vilipokuwa havimtoshi akaonyeshwa unga. Miezi michache baadaye alikutwa amesinzia nyuma ya marobota, akafukuzwa siku ile ile.

Mjumbe wetu alikwenda kumtetea. Tajiri hakubishana naye juu ya mgongo wala juu ya gunia. Alisema hivi tu: "Hawa ndivyo walivyo. Kaka yake naye ni teja. Jambo liko katika damu yao, mimi nitafanya nini?" Mjumbe alirudi na neno hilo akalitoa mbele ya halmashauri. Na sisi tulifanya nini, ndugu? Tulitikisa vichwa. Mmoja wetu akasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na faili likafungwa.

Tangu siku ile tumeuliza waliosoma, na tumesoma wenyewe. Tumeona ya kuwa neno la tajiri lilikuwa na punje ya kweli ndani yake, na punje ile ndiyo iliyotunyamazisha. Basi hatutaikana. Tutaiweka juu ya mizani tuone ina uzito gani.

Kwanza tujue dawa zenyewe. Afyuni, ambayo wazee wa pwani waliiita kasumba, ni utomvu wa mmea. Ndani yake hupatikana mofini na kodeini, na kutokana na mofini hutengenezwa heroini, ndiyo unga huu uliotuharibia vijana. Tramadoli na fentanili hutengenezwa viwandani, lakini zikiingia mwilini hupita njia ile ile. Katika ubongo na uti wa mgongo mna vipokezi, mfano wa kufuli, na dawa hizi ni funguo zake. Kufuli likifunguka maumivu hupungua na moyo huona raha. Lakini ufunguo ukiingizwa kila siku mwili huzoea, kidonge kimoja hakitoshi tena, na siku kikikosekana mtu hutetemeka, hutapika, na mifupa humuuma. Vijana wa maskani huiita hali hii arosto. Mtu aliye katika arosto hatafuti raha. Anatafuta kusimama.

Sasa tuje kwenye urithi. Kila mmoja wetu amepokea kwa baba na mama maandishi madogo sana yaliyomo katika kila chembe ya mwili. Wataalamu huyaita jeni. Ili kujua kama jeni zina mkono katika uraibu, waliwatazama mapacha. Mapacha wa kufanana wana jeni zile zile, na mapacha wasiofanana hushirikiana kama ndugu wengine wa tumbo moja. Uraibu ukimpata pacha mmoja, je, humpata mwenziwe mara ngapi? Huko Marekani walifuatwa, pamoja na wengine, mapacha waliokuwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Hesabu zilizotoka katika kazi za namna hii zaonyesha ya kuwa kama nusu ya tofauti baina ya mtu na mtu katika uraibu wa dawa hizi yatokana na urithi.

Nusu! Tajiri akisikia atapiga makofi. Lakini angoje kidogo, maana hesabu hii husomwa vibaya na watu wengi. Haisemi ya kuwa nusu ya watoto wa mraibu watakuwa waraibu. Haisemi neno lo lote juu ya mtu mmoja aliyesimama mbele yako. Yasema juu ya tofauti katika kundi la watu, mahali fulani, wakati fulani. Mahali ambapo dawa haipo kabisa hakuna mraibu hata mmoja, jeni ziwe zo zote.

Tutatoa mfano wa kazi yetu. Makuli ishirini wabebeshwe kila mmoja gunia la kilo 90, kutwa nzima. Wa kwanza kuanguka huenda alizaliwa na mgongo dhaifu kuliko wenzake, na mgongo huo ni kweli ameurithi. Lakini gunia lipunguzwe liwe kilo 25, na wote ishirini watamaliza siku wakiwa wima. Je, yule aliyeanguka aliangushwa na baba yake, au aliangushwa na gunia? Anayetaka kumlaumu baba ni yule mwenye gunia.

Tena hakuna jeni moja ya uteja. Watu hudhani iko alama moja katika damu, kama chapa ya ng'ombe, ukiiona umemjua mtu. Haiko. Mwaka 2020 wataalamu wa Marekani waliochunguza damu za askari wastaafu waliona badiliko la herufi moja katika jeni ya kile kipokezi cha afyuni, jeni iitwayo OPRM1. Mwaka 2022 walichunguza watu zaidi ya 425,000, na kati yao zaidi ya 31,000 walikuwa na uraibu wa dawa hizi. Wakapata mahali 14 penye tofauti. Kila pahali huongeza au kupunguza hatari kwa kiasi kidogo mno, kama punje moja katika pishi. Urithi wa mtu ni punje nyingi zilizochanganyika, na nyingine hazijulikani bado. Nyingi ya hizo hazihusu unga peke yake, maana huingia pia katika mambo ya sigara, huzuni na maumivu.

Liko na jambo jingine linalotuhusu sisi Waafrika. Wengi wa watu waliochunguzwa katika kazi hizo walikuwa wa asili ya Ulaya. Ile herufi ya OPRM1 yaonekana kwa wingi Asia, kwa kiasi Ulaya, na kwa nadra sana Afrika. Wala Waafrika wenyewe si damu moja. Iko jeni nyingine, CYP2D6, ambayo kazi yake ni kugeuza kodeini iwe mofini ndani ya ini. Kwa mtu mmoja kidonge cha kodeini hakifanyi kitu, na kwa mwingine kidonge kile kile hugeuka mofini kwa haraka ya kutisha. Kwa jirani zetu wa Ethiopia uchunguzi uliotolewa mwaka 1996 ulikuta zaidi ya robo ya watu wana nakala za ziada za jeni hiyo. Basi mizani iliyotengenezwa kwa mawe ya soko jingine haiwezi kutupimia sisi hapa.

Ndugu, kama bado mwadhani damu ndiyo mwamuzi, sikilizeni habari ya Vietnam. Mwaka 1971 serikali ya Marekani ilishtuka kusikia ya kuwa askari wake wengi vitani walikuwa wakitumia heroini. Mtaalamu mmoja mwanamke, Lee Robins, akapewa kazi ya kuwafuata waliporudi kwao. Aliona ya kuwa kama mmoja katika kila watano alikuwa amefungwa na dawa hizi kule vitani. Watu wakangoja balaa. Haikuja. Katika kila 100 waliokuwa waraibu kule Vietnam, kama 5 tu walirudi katika uraibu mwaka ule wa kwanza nyumbani. Damu waliyokwenda nayo ndiyo waliyorudi nayo. Kilichobadilika ni mahali: hofu ya kifo iliondoka, unga uliokuwa rahisi na karibu uliondoka, na nyumba, jamaa na kazi vilikuwapo. Hatusemi ya kuwa kila mtu huacha kwa urahisi hivyo. Twasema ya kuwa maisha ya mtu yakigeuka, hatari yake hugeuka pia.

Basi kwa nini neno hili la damu lapendwa sana? Kwa sababu lina faida kwa mtu fulani. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ya Marekani ilitoa sokoni kidonge cha OxyContin, dawa kali ya jamii ya afyuni, ikakitangaza kwa nguvu kwa madaktari. Watu walipoanza kuanguka, mmoja wa wenye kampuni aliandika mwaka 2001 ya kuwa wa kulaumiwa ni wale wanaoitumia vibaya, hao ndio tatizo. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilikiri mahakamani ya kuwa dawa ilitangazwa kwa udanganyifu, na mwaka 2020 ikakiri makosa mara ya pili. Lakini kabla ya kukiri, kwa miaka mingi, lawama iliwekwa juu ya tabia ya mgonjwa.

Na wagonjwa wenyewe walikuwa nani? Wengi walikuwa watu kama sisi. Mwaka 2018 idara ya afya ya jimbo la Massachusetts ilitoa hesabu ya vifo vya dawa hizi kwa kufuata kazi ya mtu. Wajenzi walikufa mara sita zaidi ya wastani wa wafanya kazi wote. Vifo vilikuwa vingi katika kazi zenye majeraha mengi, na tena katika kazi ambazo mtu hana siku za ugonjwa zenye malipo na hana uhakika wa kibarua chake. Wapiga rangi, waashi na wapakiaji hawazaliwi katika ukoo mmoja. Kinachowaunganisha ni kazi yao.

Pengine wako wanaosema hizi ni khabari za mbali, hapa Kenya hakuna tajiri mwenye mashine ya kusoma jeni. Ni kweli, leo hatujamwona. Lakini twajifunze kwa wenzetu wa reli. Mwaka 2001 kampuni ya reli ya Burlington Northern Santa Fe ya Marekani ilishtakiwa na tume ya serikali inayosimamia usawa kazini. Wafanya kazi waliolalamika ya kuwa mikono yao imeharibiwa na kazi waliambiwa watoe damu. Hawakuambiwa ya kuwa damu ile itatafutwa alama ya urithi, ili kampuni iweze kusema ubaya wa mkono ulitoka kwa wazazi, haukutoka kwa nyundo. Chama chao kilisimama pamoja nao. Kampuni iliacha upimaji ule, na mwaka 2002 yakafikiwa mapatano ya dola milioni 2.2 kwa wafanya kazi 36. Mwaka 2008 Marekani ikatunga sheria ya kumkataza mwajiri asitumie habari za jeni za mfanya kazi. Tazameni: ni maneno yale yale tuliyoambiwa sisi ghalani. Tofauti ni kwamba wale walikuwa na maabara, na huyu wetu alikuwa na mdomo tu.

Na kipimo cha uraibu wenyewe kimekwisha kutengenezwa. Chaitwa AvertD. Hupanguswa ndani ya shavu kwa pamba, zikatazamwa herufi 15 za jeni, kisha mtu akaambiwa kama ana hatari kubwa ya kufungwa na dawa za afyuni. Mwaka 2022 washauri wa idara ya madawa ya Marekani walipiga kura, 11 wakakikataa na 2 wakakikubali. Hata hivyo mwezi wa Desemba 2023 idara ilikiruhusu, kwa daktari amtazame mgonjwa kabla ya kumpa dawa hizo kwa mara ya kwanza. Mwaka 2024 wataalamu 31 waliandika barua wakitaka ruhusa hiyo iondolewe. Mwaka 2025 ukatolewa uchunguzi juu ya herufi zile 15 kwa askari wastaafu zaidi ya 450,000. Ikaonekana ya kuwa katika kila watu 100, watu 47 wangehukumiwa kinyume cha ukweli. Ni sawa na kurusha shilingi juu.

Kipimo hicho hakikuruhusiwa kwa waajiri, nasi hatusemi kimeruhusiwa. Twasema kitu kikiwa na bei hupata mnunuzi. Siku kitakapokuwa rahisi kama kipimo cha malaria, atatokea tajiri wa kukiweka langoni. Mtu 47 katika 100 watakosewa, na baadhi yao watakuwa vijana ambao hawajaonja hata sigara, wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya mate yao. Na yule aliyepitishwa atapewa vidonge bila hadhari kwa kuwa "damu yake ni safi," naye ataangamia vile vile.

Je, sheria zetu zatulinda? Kwa kiasi. Wazee wa chama hiki wanakumbuka namna waombaji kazi walivyokuwa wakidaiwa damu ya UKIMWI. Sheria ya mwaka 2006 ilikataza kumlazimisha mtu kupimwa ugonjwa huo ili apate kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilipoorodhesha mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo, ilitaja rangi, kabila, dini, ulemavu, hali ya UKIMWI na mengineyo, lakini jeni haikuzitaja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ilihesabu habari za jeni kuwa habari nyeti. Hilo ni jema. Lakini habari nyeti hulindwa na mwenye kujua haki yake, na wengi wetu hutia sahihi karatasi ya tajiri bila kuisoma. Kwa hiyo hatuna budi kuandika jambo hili katika mapatano yetu wenyewe.

Sasa tuwajibu ndugu zetu wanaonung'unika. Wengine wasema: "Ada zetu za kila mwezi ziwatetee mateja? Mtu aliyelewa kwenye winchi ataniua." Neno la winchi ni la haki, nasi twalikubali. Mtu asiyejiweza asiguse winchi, wala foki, wala usukani, na sheria yenyewe humpa tajiri nguvu juu ya aliyelewa kazini. Lakini kumwondoa mtu kwenye mashine ni jambo moja, na kumtupa barabarani ni jambo jingine. Tena huyu ndugu yetu alianza kama mtu aliyejeruhiwa kazini, na liko fungu la sheria ya mwaka 2007 juu ya fidia ya majeraha ya kazi. Tulipotikisa vichwa mbele ya neno la damu, tulimsamehe tajiri deni la mgongo ule. Ada zenu zilikuwa kwa ajili ya kulidai.

Wengine wasema mraibu haponi. Hilo nalo si kweli. Uraibu ni ugonjwa wa kurudirudi, mfano wa kisukari au presha, nao una dawa. Methadoni ni dawa ya jamii ile ile ya afyuni, lakini hufanya kazi polepole, huondoa arosto, na humwacha mtu afanye kazi na kulea watoto. Jirani zetu wa Tanzania walianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011. Hapa kwetu ilianza Mathari, Nairobi, mwezi wa Desemba 2014, kisha mwaka 2015 Malindi na Mombasa. Taabu yake ni moja: mgonjwa wa kuanza hutakiwa kufika kliniki kila siku anywe mbele ya mhudumu. Zamu ya asubuhi na kliniki ya asubuhi hugongana, na mtu huambiwa achague dawa au mkate. Jambo hili halihitaji maabara ya jeni. Lahitaji ruhusa ya saa moja.

Wala hatusemi elimu ya jeni ni adui. Huenda siku moja daktari akaitumia kuchagua kidonge kimfaacho mgonjwa na kipimo chake, na tayari idara ya madawa ya Marekani mwaka 2017 ilikataza kodeini kwa watoto walio chini ya miaka 12, kwa sababu ya wale ambao miili yao huigeuza upesi mno. Elimu hiyo ikiwa mkononi mwa mgonjwa na daktari wake, ni taa. Ikiwa mkononi mwa tajiri langoni, ni kipande kipya, na babu zetu walivalishwa kipande shingoni, twajua uzito wake.

Basi kila mwanachama atumie habari ya ukoo wake kwa faida yake mwenyewe. Ukiandikiwa vidonge vya maumivu uliza: hiki ni cha jamii ya afyuni? Nitakimeza siku ngapi? Kipo kingine? Kama baba, mama au ndugu yako alifungwa na dawa au pombe, mwambie daktari bila haya, ili akupe kidogo na akuangalie. Usichanganye vidonge hivyo na pombe wala dawa za usingizi, maana pumzi huweza kukatika. Ukimkuta mwenzio hazinduki na pumzi yake ni ya taratibu mno, mkimbize hospitali, usimwache alale. Iko dawa, naloksoni, inayoweza kumrudisha ikiwahi. Lakini habari hizo za nyumba yako usimpe karani wa ajira. Si kazi yake.

Halmashauri yaleta mambo haya matano mbele ya mkutano mkuu wa tawi, yapigiwe kura, na yakipita yaingizwe katika mapatano yajayo:

1. Mfanya kazi asidaiwe damu wala mate ya kupimwa jeni, wakati wa kuajiriwa, wa kupandishwa cheo, wala wa kudai fidia. Wala habari za jamaa zake zisitumiwe juu yake.

2. Uzito wa gunia na idadi ya magunia kwa siku viandikwe, na mjumbe awe na haki ya kupima.

3. Aliyeumia kazini apumzike na malipo mpaka daktari aseme amepona, awe wa kudumu au kibarua. Hapa ndipo uraibu wa ndugu yetu ulipoanzia, na hapa ndipo pa kuuzuia.

4. Mwenye uraibu akijitokeza kutaka matibabu asifukuzwe. Aondolewe kwenye mashine, apewe kazi nyingine, na apewe saa ya kwenda kliniki.

5. Siri ya ugonjwa ibaki baina ya mgonjwa, daktari na mjumbe aliyemchagua mwenyewe.

Jambo la sita si la tajiri, ni letu. Katika mikutano ya chama hiki neno teja lisitumiwe juu ya mwanachama, wala mtoto asihukumiwe kwa nyumba aliyotoka. Tajiri hakuvumbua neno lile la nyoka. Alilikuta kwetu, tukampa sisi wenyewe alitumie.

Faili la yule ndugu tumelifungua. Dai la mgongo wake limeandikwa, ingawa limechelewa na huenda likawa gumu. Yeye mwenyewe sasa huamka alfajiri kwenda kunywa dawa, kisha hupita magudauni kutafuta kibarua, na mara nyingi hukuta nafasi zimekwisha. Tulimwendea nyumbani kwake tukamwomba radhi. Alituuliza swali moja. Ana mtoto wa kiume wa miaka kumi na minne, naye alitaka kujua kama siku mtoto huyo atakapokuja kuomba kazi, tutamtazama yeye au tutamtazama baba yake.

Hatukuwa na haki ya kumjibu kwa niaba yenu. Njooni mkutanoni mjibu kwa mikono yenu.